Kabla hujafungua kichupa cha mafuta ya karafuu

Jino huuma usiku, duka la dawa limefungwa, na kichupa cha mafuta ya karafuu kipo kabatini. Saa hiyo nani ana subira ya kujaribu kwanza mkononi? Unachovya pamba, unaibana jinoni. Nilifanya hivyo mwaka juzi hapa Dodoma. Asubuhi fizi ilikuwa imebabuka, hata chai ya vuguvugu sikuiweza.

Kwa hiyo jaribu siku ambayo huumwi chochote. Zimua tone moja kwa vijiko viwili vya chai vya mafuta ya alizeti, ambayo kwetu huku na kwa jirani zetu wa Singida hayakosekani jikoni. Hiyo ni kama nusu ya asilimia moja, na kwa karafuu inatosha, maana sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, ndiyo inayotia ganzi na ndiyo inayounguza. Maji hayafai kuzimulia: mafuta hayachanganyiki nayo, tone litafika kwenye ngozi na ukali wake wote.

Paka kidogo upande wa ndani wa mkono, usubiri saa 48. Wengi husubiri dakika kumi, wakajiona wamefaulu. Mchomo huja mapema, lakini mzio hukawia. Vipele na muwasho vinaweza kutokea kesho au keshokutwa. Wala usijivunie kwamba umeyatumia miaka yote, kwani mwili unaweza kuyakataa baadaye. Kama manukato au mdalasini huwa vinakuwasha, ongeza tahadhari. Na wakati wa kiangazi, upepo wetu unapopasua ngozi, usipake penye mpasuko.

Weka karibu kitambaa, mafuta ya kula na sabuni. Yakichoma, futa kwanza kwa mafuta ya kula, ndipo uoshe kwa sabuni na maji. Yakiingia jichoni, suuza kwa maji safi robo saa, kisha nenda hospitali. Uso ukivimba au pumzi ikibana, usisuuze chochote, kimbia hospitali na kichupa chako mkononi.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aulize daktari kwanza. Kichupa kifungiwe mbali na watoto: mtoto mdogo akinywa hata kijiko kimoja anaweza kupata degedege, kupoteza fahamu na kuumia ini. Usimtapishe, mpeleke.

Lile jino langu? Liling'olewa wiki iliyofuata.