Kumzoesha mbwa kizimba wakati nyumba nzima iko kazini

Kabla ya kununua kizimba, piga hesabu ya saa. Mtu anayesema kazi yake ni ya saa nane, kama anakaa Mbezi, pembezoni mwa Dar es Salaam, na ofisi iko Posta, katikati ya jiji, hutoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na foleni humrudisha saa kumi na mbili na nusu jioni. Kwa mbwa hizo ni saa kumi na mbili, na hakuna mbwa wa kufungiwa muda wote huo. Kadirio linalotumika sana kwa mtoto wa mbwa ni umri wake kwa miezi, ongeza moja: wa miezi miwili huzuia mkojo saa tatu hivi, wa miezi minne saa tano. Hapo ndipo mwisho wa uwezo wake, usipafanye kuwa ratiba ya kila siku. Hata mbwa mzima, mchana usimfungie zaidi ya saa nne au tano mfululizo.

Kwa hiyo tafuta kwanza mtu wa kumtoa mbwa saa tano asubuhi: dada wa kazi, mlinzi wa geti asiyeogopa mbwa, au kijana wa jirani unayemlipa. Akikosekana, kizimba kikae mlango wazi ndani ya uzio wa kama mita 1.2 kwa 2.4, magazeti ya kukojolea yakiwa upande ulio mbali na malazi. Kwa mtoto wa chini ya miezi mitano hiyo ndiyo njia ya mchana, hata kama huyo mtu yupo.

Kizimba chenyewe kipimwe kwa mbwa. Pima kutoka puani hadi mkia unapoanzia, ongeza sentimita 10 hadi 15. Kimo kimruhusu kusimama bila kuinamisha kichwa. Mbwa wa kienyeji wa kilo 20 hivi hutoshwa na urefu wa sentimita 90, upana 60, kimo 65. Kikizidi sana, atalala kona moja na kukojoa nyingine, na mafunzo yameishia hapo. Ukinunua kikubwa ili akue nacho, weka kizuizi katikati na ukisogeze kila anapoongezeka. Ukitengenezesha kwa fundi wa kuchomelea, mwambie nafasi kati ya fito isizidi sentimita 2.5, kisha pitisha kiganja chako ndani kote: palipokukwaruza wewe patamkwaruza na yeye, papigwe tupa. Mvue mkanda wa shingo kila anapoingia, kwa maana ukinasa kwenye fito unaweza kumnyonga.

Dar na Mombasa adui ni joto. Weka kizimba panapopita upepo, mbali na jua la alasiri, wala usitegemee feni. Umeme hukatika saa nane mchana na wewe uko ofisini. Bakuli la maji lifungwe ubavuni, la kuweka chini atalipindua.

Chukua likizo ya wiki mbili au anza na wikendi ndefu. Siku mbili za kwanza funga mlango kwa kamba ubaki wazi, usije ukampiga na kumtisha. Tupa kipande cha ini ndani na unyamaze. Ataingiza miguu ya mbele tu, arefushe shingo hadi ngozi ivutike, adake, arudi kinyumenyume. Usimsukume. Kila mlo sasa uliwe humo, bakuli likisogea nyuma kidogo kidogo. Akishakula miguu yote minne ikiwa ndani, funga mlango anapokula na ufungue kabla hajamaliza. Baadaye dakika moja, tatu, tano, kumi, ukiwa umekaa karibu. Kisha toka chumbani.

Hapa wengi huharibu: wanaongeza muda kila mara, na mbwa anajifunza kwamba kila kufungwa ni kurefu kuliko kwa jana. Changanya: dakika 10, 3, 15, 5, 20. Vaa viatu, shika funguo, kisha kaa chini utazame taarifa ya habari, ili funguo zisiwe tangazo la msiba. Usirudi kazini kabla hajatulia kwa muda wa saa mbili wewe ukiwa nje ya nyumba.

Siku ya kazi kwa mbwa mzima: saa kumi na moja alfajiri atoke na atembee nusu saa, ale, atoke tena baada ya dakika 20. Mwachie mpira mgumu wenye tundu, uliojazwa ugali na dagaa bila chumvi wala kitunguu, ukalala kwenye friza usiku, utamshughulisha. Siagi ya karanga inafaa pia, ila soma kopo: yenye zailitoli (xylitol, kitamu kinachotumika badala ya sukari) ni sumu kwake. Mifupa iliyopikwa hapana, hupasuka vipande vyenye ncha. Saa tano asubuhi mtu amtoe nusu saa, na mchana unaobaki akae kwenye uzio.

Akilia, subiri anyamaze sekunde tatu ndipo ufungue. Lakini akiwa na muda tangu akojoe, mtoe kwa kamba, akojoe, arudi bila mchezo. Akichafua, usimgombeze. Futa, pitisha siki na maji nusu kwa nusu. Klorini usiimwage juu ya mkojo, hutoa hewa inayochoma mapafu.

Mara moja kwa wiki acha simu irekodi. Malalamiko ya dakika chache kisha usingizi ni sawa. Kudondosha mate mfululizo, kung'ata fito, kuchimba hadi kucha zitoke damu ni hofu, na kizimba huizidisha. Huyo mpe chumba, na umwone daktari wa mifugo kabla hajavunja jino.