Jinsi ya Kukadiria Kama Udongo Utaishika Seziamu au Utaiachia

Shamba lililoangukiwa na seziamu-137, elementi yenye mionzi inayotoka katika ajali za nyuklia, halihukumiwi kwa kipimo cha mionzi peke yake: udongo ukiishika seziamu, mimea huifyonza kidogo; ukiiachia, huifyonza zaidi. Huko Fukushima, Japani, baada ya ajali ya kituo cha nyuklia ya Machi 2011, mpunga uliofyonza seziamu nyingi mara nyingi ulitoka katika mashamba yaliyopungukiwa na potasiamu, wala si lazima yawe yale yaliyochafuka zaidi.

Chukua sampuli kabla ya kulima. Katika ardhi ambayo haijaguswa, sehemu kubwa ya seziamu hukwama katika sentimita 5 za juu, ambazo zinaweza kukwanguliwa na kuondolewa. Jembe likishapita, seziamu imechanganyika na udongo safi wa chini. Vaa glavu, lowesha donge dogo, kisha lisokote: likitoa uzi mrefu usiokatika, udongo wa mfinyanzi, ambao ndio hushika seziamu, upo wa kutosha.

Hata hivyo, jaribio hilo hudanganya, kwa sababu aina ya mfinyanzi ina uzito kuliko wingi wake. Kaolini, mfinyanzi wa aina moja, huishika seziamu juujuu tu, ilhali madini ya jamii ya mika, kama vile ilaiti na vemikulaiti, yana matabaka yaliyofumuka pembeni mithili ya kurasa za kitabu kilichochakaa, na ioni ya seziamu ikishaingia humo hubanwa isitoke kwa urahisi. Vipande vidogo vinavyong'aa juani ni dalili ya mika, lakini jibu la uhakika ni la maabara.

Udongo mweusi wenye mboji nyingi na mfinyanzi haba usikuvutie kwa rutuba yake. Katika vilima vya Wales, Uingereza, seziamu ya ajali ya nyuklia ya Chernobyl ya mwaka 1986 iliendelea kupanda kutoka udongo wa namna hiyo hadi kwenye majani na kondoo, na vizuizi vya mwisho vya uuzaji wa kondoo hao viliondolewa mwaka 2012.

Baada ya hapo pima potasiamu, kwa kuwa mizizi huichukua seziamu kwa njia zilezile inazochukulia potasiamu, nayo potasiamu ikijaa, seziamu hukosa nafasi. Wakulima wa mpunga wa Fukushima walishauriwa wafikishe miligramu 25 za oksidi ya potasiamu katika kila gramu 100 za udongo mkavu. Usizidishe mbolea za amonia, maana ioni ya amonia huweza kuing'oa seziamu ilikoshikwa.

Chokaa ina kazi nyingine: husaidia dhidi ya strontiamu-90, elementi nyingine yenye mionzi inayofanana na kalisi, hasa katika udongo wenye asidi. Palipo na urani usiimwage ovyo, kwani kabonati ya chokaa huungana na urani na kuifanya isafiri na maji.

Rudia kipimo cha potasiamu kila msimu, hasa ikiwa mabua huondolewa shambani, kwa sababu sehemu kubwa ya potasiamu iliyofyonzwa na mpunga hubaki katika mabua hayo.