Ukikuta mtungi wa kale chini ya bahari, usiuinue

Wazamiaji wenzangu wa Mombasa na Kilifi, mkikuta mtungi au mbao za meli ya kale huko chini, tafadhali muziache. Chumvi iliyopenya miaka mingi huganda kitu kinapokauka: mtungi humenyeka, nazo mbao, maji yakiwa yanatoka ndani yake, hupindana na kupasuka. Hata vitu vya Santo António de Tanna, meli ya Wareno iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, viliopolewa na wataalamu wenye maabara, kati ya 1977 na 1980.

Piga picha kitu kikiwa palepale, weka rula pembeni, andika kina, nahodha achukue vipimo vya GPS. Taarifa iende Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inadai hivyo. Mahali penyewe usipataje mtandaoni, waporaji nao wanasoma.