Kabla Hujamkabidhi Mbunifu Majengo Nyumba Yako

Wengi wanaojenga Goba, Madale, Kigamboni au Kibaha, ndani na jirani ya Dar es Salaam, huanza na picha. Nyumba ya vyumba vitatu imeonekana kwenye simu, familia nzima imeipenda, na fundi ameshaulizwa zitaingia tofali ngapi. Mbunifu majengo hutafutwa mwishoni, pale halmashauri inapotaka michoro yenye mhuri ndipo itoe kibali cha ujenzi. Akifika wakati huo hana la kubuni, amebaki kunakili. Naomba ugeuze mpangilio huo, kwa sababu kazi yake yenye thamani kubwa hufanyika kabla ya picha, na kwa sehemu kubwa inategemea umemwendea na nini mkononi.

Kiwanja ndicho cha kwanza. Kuwa na hati au nyaraka nyingine za umiliki, pamoja na ramani ya upimaji, kisha mlete mpimaji akuoneshe zilipo bikoni, yaani alama za mipaka. Angalia matumizi yaliyoandikwa: kiwanja cha makazi hakigeuki cha fremu za maduka kwa kuwa tu kiko barabarani. Kama ulinunua kiangazi, nenda tena masika, kati ya Machi na Mei, uone maji yanapita wapi, na uwaulize majirani yalifika wapi miaka iliyopita. Waulize na habari za udongo. Ule mweusi wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na kuta hupasuka kama msingi haukuandaliwa kwa ajili yake. Mbunifu makini atayataka haya yote siku ya kwanza. Anayekutajia bei ya ramani kabla hajauliza kiwanja kiko wapi na kinatazama upande gani, huyo mwache.

Halafu fedha. Mtajie kiasi halisi ulichonacho na unachotarajia kupata. Wapo wanaoficha wakiogopa kupigwa bei, na mwisho wake wanapewa ramani ya nyumba ambayo haitafika kwenye kupaua. Katika hesabu yako weka ada ya mbunifu na ya mhandisi, kibali, kuvuta maji na umeme, shimo la maji taka na uzio.

Kama utajenga kwa awamu, kama tunavyofanya wengi, hilo liseme mapema kuliko jambo lingine lolote. Nyumba ya awamu husanifiwa tofauti. Lazima ijulikane mtahamia vikiwa tayari vyumba vipi, choo kipi kitatumika wakati upande wa pili haujaanza, na ukuta upi utabomolewa baadaye bila kugusa nguzo. Ukitaka ghorofa miaka ijayo, msingi na nguzo vihesabiwe leo kwa uzito wa ghorofa. Muulize pia nondo zitakazoachwa zimechomoza juu zitalindwaje, maana mvua za miaka kadhaa huzishikisha kutu. Kwangu mimi, majibu yake kuhusu awamu yanaonesha kuliko kitu kingine kama mtu huyu anajua tunavyojenga huku kwetu.

Nyumbani nako mkae muandike nani ataishi humo na anaishije. Mama asiyeweza kupanda ngazi anahitaji chumba na choo cha chini. Anayepikia mkaa anahitaji jiko la nje lililofunikwa, hata kama la ndani lina makabati ya kuvutia.

Usajili usiuonee haya kuuliza. Tanzania Bara, wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi (wanaokokotoa gharama za ujenzi) husajiliwa na bodi yao, inayosimamiwa na sheria ya mwaka 2010, wakati wahandisi wana bodi yao na makandarasi wana ya kwao. Mbunifu na kampuni yake wote wawe wamesajiliwa, na jina utalithibitisha bodini kwenyewe. Kijana anayechora vizuri kwenye kompyuta anaweza kuwa na kipaji cha kweli, lakini mchoro wake usipopitiwa na kugongwa mhuri na aliyesajiliwa, hakuna anayewajibika nao. Jengo la ghorofa 16 lililoporomoka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, Machi 2013, liliua zaidi ya watu 30. Tarehe 16 Novemba 2024 likaporomoka jingine Kariakoo, na watu wakafukiwa tena chini ya kifusi. Kwa hiyo kwa ghorofa, mhandisi wa miundo, anayehesabu uimara wa msingi na nguzo, si wa hiari, na ujue kabla ya kusaini kama ada yake imo kwenye bei uliyopewa.

Picha za kompyuta zisikuridhishe. Omba upelekwe kwenye nyumba aliyosanifu ambayo watu wameishi na imeshapigwa na mvua za masika. Nenda saa nane mchana, ukae sebuleni feni ikiwa imezimwa. Muulize mwenye nyumba kama lile paa lililofichwa nyuma ya kuta linavuja, na mbunifu alifika saiti mara ngapi. Pwani yetu jua kali hupiga mashariki na magharibi, kwa hiyo kuta ndefu na madirisha mengi hufaa yatazame kaskazini na kusini, upepo nao upate pa kuingilia na pa kutokea. Njombe na Mbeya, kwenye baridi, hilohilo jua unalikaribisha ndani. Mbunifu majengo Beda Amuli alipolisanifu Soko la Kariakoo miaka ya 1970, alilipatia paa la zege lenye umbo la miavuli, likikinga mvua na kuacha hewa na mwanga vipite. Hali ya hewa ya mahali ilianza, umbo likafuata. Mtafute mwenye fikra hiyo.

Makubaliano yawe ya maandishi. Yataje michoro utakayopewa, yaani ya usanifu, ya miundo, ya umeme na ya maji, marekebisho mangapi yamo ndani ya ada, na malipo yagawanywe kwa hatua za kazi. Ziara za saiti ziandikwe kwa hatua: wakati wa kuchora msingi ardhini, kabla ya kumwaga zege la msingi, la renta (mkanda wa juu ya milango na madirisha) na la kila sakafu ya ghorofa, na wakati wa kupaua. Aliye Muscat au London akijengewa na ndugu adai picha na taarifa fupi ya mbunifu kila hatua, kabla zege halijafunika nondo. Malipo ya mwisho yasubiri seti kamili ya michoro yenye mhuri pamoja na faili zake, ikiwa na mabadiliko yote yaliyofanyika saiti, kwa sababu siku bomba litakapopasuka ukutani fundi atahitaji kujua limepita wapi.