Mahdia: Fika Alhamisi, Ijumaa Isikupite

Mimi nauza leso Mombasa, na kilichonipeleka Mahdia ni hariri. Mji huu uko pwani ya Tunisia, kiasi cha kilomita 200 kusini mwa Tunis, na wageni wengi hawaufikii; wanaishia Hammamet au Sousse. Wewe ufike. Na ukipanga safari, panga uingie Alhamisi ulale, maana Ijumaa ndiyo siku ya soko.

Kutoka Tunis panda louage, gari la abiria wanane. Lenye mstari mwekundu ubavuni ndilo la safari ndefu. Linaondoka likijaa, kama matatu zetu, ila nauli ni moja kwa wote na hakuna anayekuvuta mkono. Nenda asubuhi. Mimi nilifika stendi jioni, tukakaa muda wa karibu saa mbili tukimngoja abiria wa nane, nikaingia mji nisioujua usiku. Ukiwa uko Sousse, chukua treni ya Sahel, ndivyo wanavyoliita eneo hili la pwani, inayopitia Monastir; ni ya polepole lakini inakufikisha. Tikiti ikiandikwa 16:00 ni saa kumi jioni, na saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili.

Dinari hairuhusiwi kutolewa nchini, kwa hiyo badilisha kidogo kidogo na risiti uzitunze. Mtu akikutajia bei ya "khamsa alaf", yaani elfu tano, usishtuke: anahesabu milimu, na milimu 1,000 ni dinari moja. Bei uliza "bqaddesh?" na ukishukuru sema "yaishek". Ukiwa Mswahili masikio yako hayatalala njaa: sukari, kahawa, hariri, kaburi, vyote utavisikia vikipita, kwa lafudhi nyingine tu.

Mji wa kale uingie kwa miguu, kupitia Skifa el Kahla. Ni lango lenye ujia mrefu wa mawe, wa giza, na "kahla" maana yake ni nyeusi. Mahdia imekaa juu ya rasi nyembamba, na zamani hapa ndipo palipokuwa mlango wake wa nchi kavu. Ubaydallah al-Mahdi alianza kuujenga mwaka 916 uwe makao ya Wafatimi, ukoo wa watawala wa Kiislamu, ambao baadaye walikwenda Misri wakaasisi Cairo. Msikiti Mkuu ni wao, ingawa ulijengwa upya miaka ya 1960. Hauna mnara, una lango kubwa kama la ngome. Jisitiri vizuri, na kama huingii kuswali, epuka nyakati za swala.

Sasa hariri. Ijumaa asubuhi, kwenye lango na vichochoroni, akina mama huleta nguo za arusi na mapambo ya zamani kuuza. Usikimbilie kununua. Kwanza watafute wafumi. Usikilize tu, mtambo wa mbao una mlio wake, tak, tak, unausikia kabla hujauona mlango. Nilimkuta mzee mmoja, miguu inakanyaga chini, mkono unarusha kijiti cha uzi kushoto na kulia, na kitambaa kinakua kwa upana wa uzi mmoja tu. Nilimwomba ruhusa nikageuza upande wa nyuma. Huo ndio ukaguzi wangu hata wa leso: mbele kila kitambaa kinapendeza, nyuma ndiko kazi inakojulikana. Pale nyuma mistari ilikuwa imefuatana sawasawa, na nyuzi za dhahabu zimefungwa mwisho wa pindo, hazikukatwa zikaachwa zikining'inia. Nilichukua shali moja. Bei nilipunguziwa kidogo, na sikutaka zaidi, kwa jinsi nilivyoona anavyoifanya kazi hiyo.

Alasiri tembea mpaka ncha ya rasi, upande wa mnara wa taa. Utapita ngome ya Waturuki, kisha makaburi meupe yanayoteremka mpaka baharini, na chini yake bandari ya Wafatimi iliyochongwa ndani ya mwamba. Toa salamu kwa walio makaburini na usikanyage kaburi kutafuta picha. Nilikaa hapo mpaka magharibi, na nikamkumbuka marehemu mama.

Kwa chakula, kula pweza, na brik, kama sambusa bapa yenye yai bichi-bichi ndani. Ishike kwa mikono miwili. Harisa, pilipili yao ya kusaga, ionje kwanza kwa ncha ya kijiko. Jumamosi alfajiri, kabla ya kuondoka, teremka bandarini. Mashua zinarudi na dagaa waliovuliwa kwa taa, kama wanavyofanya wavuvi wetu kwa karabai. Mimi nilinunua samaki wachache, mkahawa wa jirani wakanichomea, nikala kwa mkate na ndimu, shali yangu mapajani.