Kutoa ofa kwa nyumba mbili kwa wakati mmoja Nairobi

Inaruhusiwa, mradi usitie saini mikataba miwili. Sheria ya Kenya inataka mkataba wa kuuza ardhi au nyumba uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote na ushuhudiwe. Kabla ya hapo, barua ya ofa ni mazungumzo tu, lakini wakili wako aandike wazi humo kwamba hakuna anayefungika hadi mkataba wa mauzo utiwe saini. Barua iliyotaja bei, amana na tarehe zote, ikasainiwa mbele ya shahidi bila maneno hayo, inaweza kukuletea kesi.

Weka ukomo wa ofa: siku 7 hadi 14. Ndani yake pekua hati za nyumba zote mbili kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za ardhi mtandaoni. Nyumba yenye zuio au rehani isiyoelezwa, achana nayo mapema.

Pesa ndipo watu huumia. Ajenti atakuomba "ada ya kushikilia nyumba". Usimpe mkononi. Ikibidi kulipa, ishikwe na wakili, na risiti iseme inarudishwa.

Amana ya kawaida ni asilimia 10. Kwa nyumba ya milioni 12 hiyo ni shilingi 1,200,000, na ukisaini kotekote kisha ukajitoa kwa mmoja, kwa kawaida huzioni tena. Kumbuka pia ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani ya nyumba mjini.

Ukishachagua, mwandikie muuzaji wa pili siku hiyohiyo kwamba umeondoa ofa. Simu haitoshi.