Ukimsikiliza Fanny Hensel, anza na Machi

Ukitafuta mtandaoni muziki wa piano wa Fanny Hensel, mtunzi Mjerumani wa karne ya 19, andika pia Fanny Mendelssohn. Rekodi zake zimetawanyika kati ya majina hayo mawili, la ndoa na la ukoo wake, na ukitumia moja tu utakosa mengi mazuri.

Kisha tafuta Das Jahr, yaani Mwaka, aliyoitunga mwaka 1841: vipande 12, kimoja kwa kila mwezi, pamoja na cha kufungia. Usianze na Januari. Anza na Machi, usikie wimbo wa kale wa Pasaka, Christ ist erstanden, ukichomoza polepole hadi unaijaza piano nzima. Mimi hapo husisimka kila mara! Halafu ruka hadi Desemba, noti zinapopeperuka kama theluji kabla wimbo wa Krismasi haujaingia.